Wewe Ulikuwa Umeishika: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Muuzaji wa Laivu Eastlands

Kati ya saa 2 na saa 5 usiku, panda ngazi za ploti yoyote ya Umoja, Kayole au Pipeline, hapa Eastlands ya Nairobi. Hutakosa mlango mmoja unaovuja mwanga mweupe kuliko ule wa sebule za jirani. Ndani mna mtu ameinua gauni mbele ya simu. Anataja namba, anataja bei, anasoma majina ya watu asiowaona. Huyo ndiye mtangazaji wa duka la runinga la kwetu. Studio hana, wa kumwambia "kata" hana, na stima yake ni ya tokeni.

Kazi hii ya kuuza nguo za mitumba kwa laivu, yaani moja kwa moja mtandaoni, nimeifanya pande zote mbili. Nilianza kama mshika simu na mwandika daftari wa dada mmoja wa Donholm, halafu nikasimama mbele ya taa mwenyewe. Ninayoandika hapa siyaombi, nayaagiza. Ukiona ni makali, nenda soko la mitumba la Gikomba umtazame mteja akinunua. Anavuta mshono, anageuza kola, ananusa kwapa, anatoka nje ya kibanda kuitazama rangi juani. Mteja wa laivu hawezi kufanya hata kimoja cha hivyo. Amekuazima wewe mkono wake, jicho lake na pua yake, kisha akatuma pesa.

KABLA YA TAA KUWAKA

Fika sokoni alfajiri au usifike kabisa. Belo la kilo 45 likikatwa, kamera inaondoka na waliosimama karibu. Kwa asiyelijua soko: kamera ni nguo za mchujo wa kwanza, safi, zisizo na dosari. Mwisho kabisa kuna fagia, na jina lajieleza.

Usichukue fagia ukaiita kamera hewani. Fagia ina wateja wake, tena waaminifu, mradi iitwe fagia na bei iwe ya fagia. Nimemwona muuzaji akimaliza gunia zima la fagia kwa Sh50 kila kipande kwa sababu alianza kwa kusema, "Leo nina vitu vya kulalia na vya kudekia." Watu walicheka, wakanunua.

Fua na upige pasi. Usidhani harufu ya belo haipiti kwenye simu. Usiku huo haipiti kweli. Inafika kesho mchana pamoja na kifurushi.

Kagua kila kipande wewe mwenyewe, siku hiyohiyo. Zipu ifunge na uifungue mara tatu. Hesabu vifungo. Tia mkono mifukoni (utapata sarafu za nchi usizozijua, ndiyo starehe pekee ya kazi hii). Geuza kwapa, geuza pindo, tazama magoti ya jinzi. Dosari yoyote iandike kwenye kikaratasi kilichobanwa kwenye nguo, na hewani uanze na dosari hiyo kabla ya kuisifu nguo. Ukianza na sifa, mteja ataisikia dosari kama kitu ulichotaka kuficha.

Pima. Lebo usiiamini. Saizi 12 ya Uingereza ni saizi 8 ya Marekani, na zote mbili huchanganyika ndani ya belo moja. Tandaza nguo mezani, chukua tepu ya fundi cherehani, pima kifua, kiuno, nyonga na urefu, kwa inchi, kwa sababu ndizo fundi wa mtaani atakazomuuliza mteja akienda kuipunguza. Usiseme "inaingia mtu wa kawaida". Mtu wa kawaida hayuko hapa Nairobi, nimemtafuta.

Kijue kitambaa kabla hujakitaja. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na harufu yake ni ya karatasi. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kijidonge kigumu. Ni kazi ya nusu dakika, na itakuokoa na aibu ya kuuza poliesta kwa jina la pamba kwa mama aliyeshona nguo miaka 30 pale Jericho.

Sasa rangi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Ilikuwa Januari, wiki ya kufungua shule. Nilikuwa na sweta 30 za watoto, na nilikuwa nimetoka kununua balbu ya bei nafuu yenye mwanga wa manjano, kwa kuwa ilinipendezesha uso. Sweta namba 22 niliitangaza kuwa bluu iliyokoza, ile ya sare. Mama mmoja wa Kariobangi South akailipia papo hapo. Siku ya pili asubuhi mtoto wake alirudishwa langoni mwa shule. Sweta ilikuwa nyeusi. Mama hakunitukana. Alinipigia simu, sauti tulivu kabisa, akasema: "Mimi nilikuwa naitazama kwa simu. Lakini wewe ulikuwa umeishika."

Nilimrudishia pesa, nikamtafutia sweta ya bluu Kamukunji, nikampelekea mwenyewe kwa miguu. Sikupata usingizi wa maana wiki ile. Tangu siku hiyo sheria ni hii: rangi hutajwa mchana. Peleka nguo dirishani au kwenye roshani, iweke karibu na kitu cheusi kweli na kitu cha bluu kweli, amua, andika kwenye kikaratasi. Usiku unasoma ulichoandika. Usiku hauruhusiwi kuamua rangi.

Usinunue taa kwa ajili ya uso wako. Nunua mwanga mweupe unaoonyesha nyuzi. Uso wako hauuzwi.

Weka tokeni kabla ya saa 12 jioni na ujaze betri ya akiba. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilizimika kwa pamoja. Nilikuwa nimeshika koti namba 9, na simu ina chaji ya asilimia 11. Watu waliokuwa wamelipia namba 1 hadi 8 hawakujua kama nimepotewa na stima au nimetoroka. Wote wangekuwa na haki ya kufikiri la pili.

Kelele za ploti: zungumza na jirani mapema, kwa heshima, na umpelekee kitu siku ya mauzo mazuri. Kanisa la kesha na matatu yenye muziki huwezi kuzizuia. Nyamaza zipite.

UKIWA HEWANI

Zungumza kama uko redioni. Biashara hii yote ilizaliwa redioni. Mwaka 1977, kule Clearwater, Florida, mfanyabiashara aliyekuwa na deni la matangazo katika stesheni moja ya redio alishindwa kulipa, akaleta vifungua-makopo 112 vya stima badala ya pesa. Mtangazaji Bob Circosta akaambiwa aviuze hewani. Aliyekuwa akisikiliza hakuona hata kimoja. Viliisha vyote, na kutokana na jaribio hilo ikaja kuzaliwa Home Shopping Network, duka la runinga. Kwa nini nakusumbua na makopo ya Wamarekani? Kwa sababu bando la mteja wako litakwama. Picha itaganda ukiwa umefumba macho, sauti itabaki. Kama sauti yako inasema tu "tazama hii, tazama hapa, waona?", mteja huyo amebaki gizani. Sema: gauni, kitani, kijani cha jani la ndizi, mikono mirefu, kifua inchi 38, urefu hadi chini ya goti, kifungo kimoja cha shingoni hakipo. Aliyeweka simu chini akikoroga ugali atasikia na atarudi.

Taja bei. Taja bei. "Ingia inboksi nikwambie" ni tabia ya mtu anayetaka kwanza kujua kama unaishi Utawala au Runda. Bei ya kila mtu iwe moja, isemwe kwa sauti, iandikwe ukutani nyuma yako.

Usiseme "zimebaki mbili" kama ziko kumi chini ya meza. Usiseme "bei hii ni ya leo tu" kama kesho utairudia. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bei na ubora, na ingawa sijaona afisa akipanda ngazi za ploti yetu kwa ajili hiyo, mashahidi unao, tena mia mbili, na wengi wanarekodi.

Usiulize mwili wa mtu mbele ya watu. "Hii ni ya wale wanono" si maelezo ya nguo. Inchi zipo, zitaje. Anayejijua atajijua.

Waite watu kama ungewaita ukiwa umesimama mlangoni kwao. Mama, dada, kaka, mzee. Jina lenyewe kama ameliandika. Kumwita kila mtu "mpenzi" na "sweetie" ni uvivu, na kuna mama mchungaji anayekutazama pale Buruburu ambaye amenieleza anavyochukia kuitwa hivyo. Wazazi wetu walilelewa na sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akiuliza redioni, Je, Huu ni Uungwana? Swali hilo lisikie kichwani kila unapofungua mdomo.

Usimjibu vibaya anayelalamikia bei. Hata akirudia mara tano. Septemba 2023, Li Jiaqi, aliyekuwa mfalme wa mauzo ya laivu nchini Uchina, aliambiwa na mtazamaji kwamba penseli ya nyusi ya yuan 79 ni ghali. Akamjibu kwa kumtaka ajiulize kama amefanya kazi kwa bidii miaka yote hiyo hadi mshahara wake upande. Taifa zima lilimgeukia, akarudi mbele ya kamera kuomba radhi huku akilia. Yeye alikuwa tajiri anayeweza kuvumilia hasara. Wewe una kodi ya nyumba tarehe 5. Mtu akisema bei iko juu, jibu ni moja: "Asante, nimesikia," kisha namba inayofuata.

Usionyeshe mlango wako, dirisha lenye mandhari, wala namba ya ploti. Usiseme uko peke yako. Usiseme hewani, "Kesho saa 10 usiku naenda Gikomba kuchukua mzigo," kwa maana umetangaza saa, njia na pesa mfukoni kwa sentensi moja. Sema umeleta mzigo baada ya kuuleta.

Usisome kwa sauti namba ya simu ya mteja wala nyumba anayoishi. Ukisema, "Mama Fulani wa mtaa wa Tena, geti la kijani," umemvua nguo mbele ya umma. Vivyo hivyo jirani anayeanika nguo nyuma yako na watoto wanaopita: geuza kamera, au uwaombe ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na si ya mapambo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Gawanya kiasi hicho kwa bei ya blauzi zako uone utauza hadi lini.

Watoto hawavai bidhaa mbele ya taa. Hata wako. Saa 4 usiku mtoto yuko kitandani.

Usiuze usichokijua. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku, na ndizo utakazoletewa kwanza ukianza kupata watazamaji, kwa ahadi ya kamisheni nono. Kataa. Dawa za kupunguza tumbo, kataa. Sharubati ya "kusafisha damu", kataa, na usimkaribishe tena aliyeileta. Ukiuza kitu kipya chenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakikisha kwanza: andika SM#, kisha namba ya kibali iliyo chini ya alama, utume kwa 20023. Kebo ya stima uliyoisifia ukiwa umepaka wanja inaweza kuwasha nyumba ya mtu. Watu wa Gikomba hawahitaji kuelezwa moto ni nini. Ule wa Juni 2018 uliua watu 15.

PESA

Tenganisha laini ya biashara na laini yako mwenyewe. Till ya M-Pesa au Pochi la Biashara, chagua, lakini pesa za mauzo zisikutane na pesa za unga.

Usiamini picha ya ujumbe wa M-Pesa uliyotumiwa na mteja. Usiamini hata ujumbe wenyewe ukionyeshwa kwenye simu ya mteja. Pesa imeingia pale tu simu yako ya biashara iliposema imeingia na salio likaongezeka. Kuna vijana wanaotengeneza ujumbe wa Safaricom ukawa mzuri kuliko wa Safaricom. Na kama unapokea kwa namba ya kawaida, kumbuka kwamba aliyetuma anaweza kuupeleka ujumbe kwa 456 akiomba pesa zirudishwe, huku kifurushi chako kimeshavuka Outering Road.

Anayeandika namba kwanza ndiye mwenye nguo, kwa dakika 10. Zikipita hajalipa, inaenda kwa wa pili. Usimhurumie rafiki yako. Wa pili anatazama saa kama wewe.

Andika kila uuzaji kwenye daftari la karatasi. Simu huibwa, na akaunti hufungwa bila kukuuliza. Mauzo yakipita Sh1,000,000 kwa mwaka, kodi ya mauzo ya asilimia 3 inakuhusu. Sina zaidi la kusema juu ya hilo, nawe usijifanye hukusikia.

NYUMA YA SIMU

Mlipe mshika simu. Hili nitalisema polepole, kwa kuwa nimelipitia.

Kila laivu inayokwenda vizuri ina mtu asiyeonekana: binamu aliyekuja kutoka Kakamega, mdogo wako anayesubiri matokeo, jirani asiye na kazi. Yeye ndiye anayekupa nguo kwa mpangilio, anayeandika nani amesema namba gani, anayefuta matusi kabla hujayaona, anayekuletea maji ya tangawizi, anayekunong'oneza "namba 17 imeshauzwa" unapotaka kuiuza mara ya pili. Anasimama kwa muda wa saa tatu. Halafu wewe unazima taa, unahesabu, unamwambia, "Tumefanya poa leo, eh?" na unampa nauli. Mimi nilipewa nauli miezi minne. Siku niliyoondoka, dada yule wa Donholm aliuza gauni moja kwa watu watatu kabla ya saa 3.

Kubalianeni kiasi kabla ya siku ya kwanza, kwa usiku mmoja au kwa asilimia. Mlipe usiku huohuo, hata mauzo yakiwa mabaya. Hasara ya belo ni yako, yeye hakulichagua.

Usimtukane hewani kwa kosa lako. Ukiwa umesahau bei, sema umesahau.

BAADA YA KUZIMA

Funga vifurushi usiku huohuo, namba ya nguo ikiwa nje na jina ndani. Linganisha kikaratasi cha dosari na kilichotajwa hewani. Ukigundua kosa ulilolisema, mpigie mteja kabla kifurushi hakijaondoka. Nusu yao watasema, "Tuma tu."

Unapomkabidhi makanga mzigo wa kwenda Dandora au Kitengela, andika namba ya gari na umtumie mteja picha ya kifurushi. Gharama ya kutuma itajwe tangu mwanzo pamoja na bei. Blauzi ya Sh300 yenye usafiri wa Sh250 uliofichwa ni blauzi ya Sh550, na mteja anajua kujumlisha.

Usiandike "mali ikiuzwa hairudishwi". Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya fidia, na bango lako halifuti Katiba. Pokea kilichokosewa ndani ya saa 24, rudisha pesa siku hiyohiyo, lipia usafiri kama kosa ni lako. Kuna watakaovaa harusini Jumamosi na kurudisha Jumapili. Wapo, nawajua kwa majina, na daftari langu linawajua pia. Hao usiwauzie tena, na usiwataje hewani.

Usikae hadi saa 8 usiku ukisoma maoni ya wanaokusema. Zima simu. Kunywa maji ya vuguvugu, usinong'one, kunong'ona kunachosha koo kuliko kuzungumza. Tundika nguo ambazo hazikuuzwa zisikunjike.

Kisha lala. Belo linakatwa saa 11 alfajiri, na halimsubiri mtu.